Nani Alitikisika Kwanza

Ildephonse hakuingia dukani kununua. Harun alilijua hilo kabla mlango haujajifunga, kwa kuwa mtu aliyefuata nyama huanza kwa kuitazama nyama, na Ildephonse alimtazama yeye.

Ilikuwa Jumamosi, saa tisa na dakika tano mchana. Duka liko Brooklyn Park, katikati ya kinyozi na mahali pa kufulia nguo, na Harun amelishika mwaka wa tisa sasa. Mbele magunia ya mchele na unga, nyuma kaunta ya nyama na msumeno wa umeme wa kukatia mifupa. Mzaliwa wa Kibokoni, Mombasa, alifika Minnesota na begi moja. Alisukuma wagonjwa kwa viti vya magurudumu uwanja wa ndege, akafunga maboksi ghalani, mpaka alipolipata duka hili kwa mwenyewe aliyekuwa amechoka nalo, baada ya miezi minne ya kumchosha zaidi.

Jioni za vuli humwachia mkewe Fatimah funguo, akavaa shati la milia nyeusi na nyeupe, akaenda kusimama pembeni mwa viwanja vya shule kuamua futiboli ya Kimarekani. Alianza kwa sababu alisikia waamuzi ni haba, na penye uhaba pana nafasi. Alibaki kwa sababu nyingine. Kutwa anavutana na watu juu ya paja la mbuzi. Kile kitabu cha sheria za mchezo kilikuwa kitu cha kwanza alichokikuta Marekani kisicho na bei mbili. Alikisoma kama mkataba wa pango, neno kwa neno. Huu ulikuwa msimu wake wa nane.

Na msimu huu alikuwa na anachokingoja. Saa kumi jioni ile ile, msimamizi wa waamuzi angetoa orodha ya watakaochezesha fainali ya shule, katika uwanja mkubwa uliofunikwa paa, mjini. Alhamisi alikuwa amempigia simu: "Jina lako limo, Harun. Labda litokee la kutokea."

La kutokea lilikuwa limesimama mbele ya kaunta, limeshika simu.

"Hadji, bonjour," alisema Ildephonse.

Harun hajafika Makka. Lakini kwa Ildephonse, mtu wa Bukavu, kila mfanyabiashara Mwislamu ni Hadji, na Harun alishaacha kumsahihisha.

"Karibu, Papa Murhula. Nyumbani salama?"

"Nyumbani hakuna salama. Mutoto hakule tangu Mercredi."

Badawy, aliyekuwa amekaa juu ya gunia la mchele na kikombe cha kahawa, alijisogeza mbele. Badawy ni dereva wa teksi, mtu wa Lamu, na kila akipata abiria wa Maple Grove hupitia hapa akirudi, kuja kupiga gumzo. "Haya," alisema. "Kumekucha."

Jumatano ile, mechi ya mwisho kabla ya mchujo, shule ya Murhula, mtoto huyo wa Ildephonse, ilikuwa inaongoza kwa pointi nne, dakika moja imebaki. Wapinzani walikuwa na jaribio la mwisho na yadi tatu za kutafuta; wakizikosa, mpira si wao tena. Murhula, kijana wa miaka kumi na saba mwenye mabega ya kujaza mlango, alikuwa ameinama katika safu ya mbele ya ulinzi, mkono mmoja ardhini. Kati ya safu mbili hizo kuna ukanda mwembamba, urefu wa mpira wenyewe, ambao si wa mtu. Mpira haujanyanyuka, Murhula akauvuka. Harun akapuliza kipenga, akarusha kitambaa cha njano. Ofsaidi, yadi tano. Wapinzani wakapewa majaribio mapya, na la pili wakafunga.

"Coach amemutoa katika kumi na moja," alisema Ildephonse. "Anasema mutoto hana adabu ya muchezo. Mardi, hiyo Jumanne, ni muchujo, watu wa université wanakuja kutazama, yeye atakaa kwa benchi kulinda maji. Leo saa kumi na nusu coach anabandika majina. Donc, nimekuja na hii."

Aliiweka simu juu ya kioo cha kaunta. Mtu alikuwa amerekodi kutoka jukwaani, vizuri tu, mkono haukutetemeka.

"Tazama. Anaenda... hapa. Sasa tazama. Anarudia nyuma. Mpira ungali chini! Iko wazi, Hadji. Alirudia."

"Karudi!" Badawy alikuwa ameshafika kaunta. "Wallahi karudi huyo! Haruni bwanaa, mbona umemchoma mtoto wa watu? Kila Jumapili nawaona wale wakubwa wa kulipwa kwenye televisheni, mtu avuka, arudi kabla mpira haujatoka, hajamgusa mtu, mchezo waendelea. Hata kipenga hakilii."

"Wale wakubwa wana kitabu chao," alisema Harun.

"Mpira si mmoja?"

"Mpira mmoja, vitabu viwili." Harun alifuta mikono, akainama chini ya mashine ya kuhesabia, akatoa kitabu chake. Pembe zake zilikuwa zimeliwa na mafuta ya mbuzi. Hakuhitaji kutafuta ukurasa. "Kwa wakubwa, ukivuka ukarudi kabla, umesamehewa. Shuleni hakuna kurudi. Mwanzisha mpira akishaugusa tu, ukivuka umevuka. Mwamuzi anasimamisha mchezo palepale. Hata urudi mbio, hata uombe radhi kwa lugha tatu."

Ildephonse alikitazama kitabu kama mtu anavyotazama karatasi ya mahakama. "Lakini yule mwenye kurusha alipiga kelele ya kumudanganya. Hiyo si haki."

"Hiyo ni kazi yake. Wewe ukija hapa, nikakutajia bei, ukajifanya unaondoka, nikakuita ukiwa mlangoni, nani mjinga? Wewe uliyejifanya, au mimi niliyetikisika?"

Badawy alicheka. Ildephonse hakucheka. Alikuwa mtu mzima, anaendesha mashine ya kunyanyulia mizigo ghalani usiku, na hakuja hapa kuchekwa.

"Vile watu wa kanisa wanasema," alisema polepole, "ni kwamba Hadji alimutazama mutoto wetu kuliko wengine."

Fatimah, aliyekuwa kwenye rafu ya pembeni, aliacha kuhesabu vitambaa vya mezani alivyokuwa akivipanga.

"Wanasema hivyo?" alisema Harun.

"Mimi sisemi. Wao ndiyo wanasema."

"Basi tutazame wote. Lete simu, niwaonyeshe pale alipovuka, mkawaambie."

Aliirudisha video nyuma, akaipunguza mwendo, akaweka kidole karibu na kioo. "Haya. Huu mpira. Huu mstari. Sasa mwangalieni Murhula, mkono wake..."

Akaondoa kidole.

Akairudisha tena. Hakumtazama Murhula safari hii. Alimtazama mtu wa upande wa pili, namba sitini na nne, mshambuliaji aliyeinama karibu kabisa na pale Harun mwenyewe alipokuwa amesimama Jumatano. Bega la sitini na nne lilishuka. Kidogo, kama mtu anayetaka kukohoa akajizuia. Kisha ndipo Murhula akaruka.

Bega kwanza. Murhula baadaye.

Kitabu hakina bei mbili hapo pia. Mshambuliaji akishainama hatakiwi kutikisika. Akitikisika kabla ya mlinzi kuvuka, kosa ni lake. Yadi tano zinarudi nyuma kwake, na mlinzi hana hatia. Jaribio lile la mwisho lingekuwa la yadi nane. Shule ya Murhula pengine ingeshinda.

Na Harun alijua kwa nini hakuliona, ingawa bega lenyewe lilikuwa hatua sita kutoka puani pake. Murhula alikuwa ameshavuka mara moja kabla ya mapumziko. Alikuwa mtoto wa mteja. Jukwaani kulikuwa na wateja thelathini. Harun alikuwa amejiambia, asije mtu akasema nampendelea wa kwetu, na tangu hapo akamkazia macho Murhula peke yake, kama anayemngoja. Watu wa kanisa walikuwa wamesema kweli, bila kujua walichokuwa wanakisema.

"Unaona?" alisema Ildephonse.

"Amevuka," alisema Harun. Sauti yake ilikuwa kavu. "Hilo limo humo."

Badawy alimpiga Ildephonse begani. "Kitabu kimesema, Papa. Kubali yaishe. Hata mimi kimenipiga."

Ildephonse aliivuta simu yake, akaitia mfukoni. Alionekana amepungua kimo. "Sawa. Mimi nilisema atakuwa na haki, nikamutetea mbele ya mama yake. Nitamwambia aombe pardon kwa wenzake." Akageuka.

Harun aliitazama saa ya ukutani. Saa tisa na dakika ishirini.

Fatimah alikuwa ameshasogea kando yake. Miaka ishirini na mbili ya ndoa. Alikuwa amemwona akitazama video mara ya pili, na alijua uso wa mumewe akiwa na mzigo na uso wake akiwa hana. "Kuna kitu," alimwambia kwa chini.

"Aliyetikisika kwanza si mtoto."

Fatimah hakuuliza maana. Naye alitazama saa. "Baba Lubna. Orodha yatoka saa kumi. Kocha wa huyo atabandika majina saa kumi na nusu. Ngoja dakika arobaini. Ukisema saa kumi na dakika tano, mtoto wapata nafasi yake na wewe wabaki na yako. Nani atakayedhurika?"

Hesabu ilikuwa safi. Harun aliipitia huku na huku, kama anavyopitia hesabu ya muuzaji wa jumla, akitafuta penye tobo, na hakuliona. Hakuna atakayedhurika. Miaka minane amesimama pembeni na mvua ya barafu ikiingia shingoni, akaitwa majina ambayo hakumpelekea Fatimah nyumbani. Dakika arobaini si kitu.

Isipokuwa kwamba baba yake alikuwa muuza vyerehani vikuukuu. Kabla ya kupeana mkono na mnunuzi, mzee alikipindua chombo, akaweka kidole penye ufa, akasema, "Ila yake hii." Hakuwa mpole, mzee yule, alikuwa akikubana mpaka senti ya mwisho. Lakini ila ya bidhaa hutajwa kabla ya mkono, ndivyo Waislamu wa pwani walivyofundishana biashara. Baada ya mkono, mnunuzi ameshatoa chake kwa kitu asichokijua, na maneno yote yanayofuata ni ya mtu aliyeshikwa.

Saa kumi ndiyo ilikuwa mkono.

Na kulikuwa na jambo la pili, lisilo la dini wala la baba. Video ilikuwa kwenye simu ya Ildephonse, na kwenye simu ya aliyeirekodi, na Mungu ajua kwa nani tena. Leo watu walikuwa wanamtazama Murhula. Kesho atatokea mmoja wa kumtazama sitini na nne.

Ildephonse alikuwa ameshika kitasa.

"Papa Murhula. Rudi. Lete simu."

"Kwani ungali unatazama nini?" alisema Badawy. "Si umeshinda?"

Harun alimwonyesha bega. Mara ya kwanza Ildephonse hakuliona. Mara ya pili alishika ukingo wa kaunta. Mara ya tatu alisema, "Ah! Ah, Hadji!" na macho yake yalikuwa hayapendezi kutazamwa.

"Kosa lilikuwa la yule. Mimi sikuliona kwa sababu nilikuwa namtazama mwanao. Nitumie hiyo video."

"Ulikuwa unamutazama mutoto wangu!"

"Nilikuwa namtazama. Tuma."

Ilitumwa kwa taabu, mtandao wa duka hauna haraka. Harun akaielekeza kwa msimamizi wa waamuzi, akaandika ujumbe kwa kidole kimoja, na hakuandika mengi: jaribio la mwisho, angalia bega la namba sitini na nne, mlinzi hakukosa, kosa ni langu, kocha wake ajulishwe leo. Fatimah alisimama akimtazama kidole. Hakumshika mkono. Harun alipobonyeza kutuma ilikuwa saa tisa na dakika thelathini na saba.

"Utaniambia ulikuwa na nini kichwani," alisema Fatimah, akarudi kwenye vitambaa vyake.

Wakangoja. Aliingia mama mmoja akanunua unga, akatoka, hakuna aliyemsikia. Badawy alikunywa kahawa ambayo ilikuwa imeshaisha.

Saa tisa na dakika hamsini na mbili simu ililia. Msimamizi alikuwa mwalimu mstaafu, mtu wa maneno machache. Harun alisikiliza, akasema "Ndiyo" mara mbili kwa Kiingereza, kisha "Naelewa," kisha akaishusha simu.

"Ameiona," alisema. "Anampigia kocha sasa hivi. Anasema kama kocha ana macho, Jumanne Murhula ataanza."

"Na fainali?" aliuliza Badawy.

"Amempa mwingine. Anasema mtu wa kumtazama mchezaji mmoja hawezi kumpeleka kule. Mwakani tuone."

"Mshenzi! Mtu umejitaja mwenyewe, ukamrahisishia kazi..."

"Kasema kweli," alisema Harun, akawasha msumeno ili asiendelee kusikia.

Msumeno ulipozima, Ildephonse alikuwa bado amesimama palepale. Hatimaye alifanya alichokuwa hajakifanya tangu aingie. Alitazama nyama.

"Nipimie mbuzi," alisema. "Paja mbili. Dimanche, misa ikiisha, tutakula na watu wa kanisa, nitawaambia vile ilikuwa."

"Waambie yote. Hata ile ya kumkazia macho."

"Nitaambia yote." Akasita, Mkongo ni Mkongo, na soko ni soko. "Na kichwa, Hadji? Si utaniongezea kichwa? Vile tumeumizana leo."

Harun aliweka mapaja kwenye mizani, akaondoa mkono wake ili mteja aone mshale wenyewe.

"Kichwa kina bei yake," alisema.