Nchi Nyekundu Juu ya Meza ya Mavyaa

Mwaka wa kwanza wa ndoa yangu, katikati ya miaka ya tisini, niliishi kwa mavyaa wangu, mama mzaa mume wangu, katika nyumba yao ya ghorofa kwenye uchochoro wa nyuma ya Ndia Kuu, Mji wa Kale wa Mombasa. Mimi ni mtu wa Kwale, na kazi yangu ilikuwa kupiga taipu katika kampuni ya malori huko Shimanzi. Mavyaa hakuwa mkali. Alikuwa na adabu nyingi, na adabu hiyo ndiyo iliyonitesa. Asubuhi nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza nimelalaje na kwetu wa hali gani. Nikishamjibu kuwa wote wazima, maneno yetu yalikwisha mpaka jioni, tulipozungumza habari za samaki.

Kisha shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, akarudi likizo kutoka Uingereza alikokuwa akisoma. Sandukuni mwake, chini ya nguo na zawadi, mlikuwa na boksi la askari wa plastiki, kila mmoja hazidi kidole gumba. Walivaa deraya kubwa kubwa na kushika bunduki ambazo hakuna jeshi la duniani lililowahi kuwa nazo. Alitueleza kwamba ni mchezo wa vita katika sayari za mbali. Watu wawili husogeza askari wao kwa zamu, wakipima mwendo kwa futi ya mshonaji, na hurusha dadu kujua nani amepigwa na nani amenusurika. Mume wangu, ambaye ni mwalimu wa hesabu, aliupenda papo hapo. Mavyaa aliuliza kama ndani yake mna kamari. Alipohakikishiwa kuwa hamna, bado hakuzitaka dadu nyumbani mwake, akawapa kauri sita, zile kombe ndogo za baharini, za kurusha, wahesabu zilizoangukia mgongo.

Walicheza juu ya meza kubwa ya kulia. Milima yao ilikuwa vitabu vilivyorundikwa, na majengo yao makopo ya maziwa. Siku moja nikipita na sinia ya chai nilijikuta nimesema kwamba ile si nchi, ni kabati lililoanguka. Nilijuta hapo hapo, maana mavyaa alikuwa kando. Lakini shemeji alicheka.

"Basi shemeji," akasema, "tujengee wewe."

Shuleni nilipenda sana kuchora, na tangu nianze kazi sikuwa nimeshika brashi. Kule Shimanzi, lile povu jeupe gumu linalofungiwa friji na televisheni lilikuwa likitupwa uani kila siku. Nilimwomba mlinzi anipe, akaniuliza kama nafungua duka la friji. Nilirudi nyumbani na mzigo ulionizidi kimo, mwepesi kama si kitu, upepo ukinivuta huku na huku kama nimeshika tiara. Watoto wa Makadara walinisindikiza mpaka mlangoni wakitaka kujua ndani mna nini.

Tulifanyia kazi juu ya paa, mimi, mume wangu na shemeji. Tulikata povu kwa msumeno mwembamba na kwa kisu kilichopashwa moto. Tukapata kilima, kuta zilizobomoka, na mnara mmoja mrefu niliouchonga mwenyewe kwa siku kadhaa, nikaubandika vifuniko vya dawa ya meno na vipande vya redio mbovu ili uwe na mitambo. Mume wangu akanunua mkebe wa rangi ya kupuliza, kijivu, akaanza na ule mnara.

Rangi ilipogusa povu, povu likaanza kuliwa. Hatukujua kwamba rangi za namna ile huyayusha povu. Mnara ukainama taratibu, ukanywea, ukajaa matundu, mitambo yote ikateleza chini. Tulisimama tukiutazama kama waliofiwa.

Nyuma yetu nikasikia sauti nisiyoijua. Mavyaa, aliyekuwa akianua nguo, alikuwa akicheka. Alicheka mpaka ikambidi aketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, ameziba mdomo kwa kanga. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka.

"Umekuwa kama mwamba wa ufuoni," alisema akijifuta machozi. "Usiutupe, mwanangu. Huo ndio mzuri kuliko yote."

Niliutazama tena, nikaona kweli. Hakuna kisu ambacho kingeweza kuchonga matundu kama yale. Tuliukata vipande vitatu, tukapata miamba mitatu ya sayari ambayo shemeji aliapa kuwa hata Uingereza hakuona mfano wake.

Baada ya hapo tulijifunza. Tulipaka kwanza rangi ya maji iliyochanganywa na gundi nyeupe ya seremala, tukanyunyizia mchanga uliochekechwa, tukaacha jua lifanye kazi yake. Shemeji alitaka kila kitu kiwe kijivu na cheusi, kama picha ya kwenye boksi. Mimi nilichanganya nyekundu na hudhurungi na njano kidogo mpaka nikapata rangi niliyoitaka, nikapaka kilima chote. Kisha nikafanya lile jambo ambalo bado napenda kulifanya kuliko yote. Unachovya brashi, unaifuta kwenye kitambaa mpaka udhani haina kitu, halafu unaipitisha juu juu. Rangi hafifu hushika kwenye ncha za mchanga tu, na kilima kinang'aa kana kwamba jua limekipiga.

Mavyaa alikuwa ameketi karibu nami akipepeta mchele. Akauweka ungo chini.

"Wekundu huu waujua wapi?" akaniuliza.

Nikamwambia ni udongo wa kwetu. Alikuwa amefika Kwale mara moja tu, siku ya posa, na hakuona chochote ila chumba cha wanawake na sahani alizowekewa. Nikamweleza njia ya shuleni, vumbi lililotupanda mpaka magotini, na sare zetu nyeupe ambazo mama alizifua mpaka akakata tamaa, akaziacha ziwe na rangi ya chai. Akauliza mama alifulia wapi, na maji yalitoka umbali gani, na ndugu zangu wangapi walikwenda kuyateka. Mchele haukupepetwa tena siku ile. Tulikula tukiwa tumechelewa, na hakuna aliyelalamika.

Mwisho akakielekezea kidole kilima changu. Kama wenyeji wa Mji wa Kale, nchi yeye aliita nti.

"Na watu wa nti hii hunwa nini?"

Nilimwambia hiyo ni nchi ya vita tu. Akasema hata wanaopigana hushikwa na kiu. Akaenda chumbani, akarudi na kifuniko cha chupa ya manukato, tukakizika kati ya miamba kikawa kisima. Kesho yake alidai nyumba. Nilipomkatia, alichukua brashi yangu nyembamba kuliko zote, akachora mlango wenye maua na misumari kama ile ya milango ya jirani zetu, kwa mkono uliozoea kuchora hina. Mlango wenyewe ulikuwa mdogo kama stempu.

Siku ya pili ya Idi walikuja walimu wawili, wenzake mume wangu, mmoja Mkristo wa Taita, wote wakiwa na hamu ya kuona sayari. Mavyaa alileta chetezo, akakiweka katikati ya nchi nyekundu, akatia udi. Moshi ulipanda kana kwamba ni kiwanda, na vita vikaanza chini ya harufu nzuri. Mwalimu wa Taita alipotaka kuwaficha askari wake katika nyumba ya mlango wa maua, mavyaa alisema kutoka kizingitini, "Humo mna watu. Wapite kando." Mwalimu aliomba radhi, akawarudisha nyuma. Tangu siku hiyo ikawa sheria ya mchezo, na shemeji aliifuata hata pale ilipomfanya ashindwe.

Kabla hajarudi masomoni, shemeji alitaka tumtengenezee nchi moja ya theluji. Mimi na mavyaa hatukuwa tumewahi kuiona, kwa hiyo alituelezea na sisi tukabishana. Tulipaka nyeupe, na samawati kidogo kwenye vivuli, lakini haikumeremeta. Mavyaa akaleta chumvi ya mawe, tukaimwaga juu ya gundi mbichi. Ikameremeta vizuri sana, nasi tukaenda kulala tumefurahi.

Asubuhi chumvi ilikuwa imenyonya unyevu wote wa Mombasa. Maji yalikuwa yakitiririka mlimani, rangi imekimbia, na meza ina vidimbwi. Shemeji alikuwa amesimama ameshika kiuno. Mavyaa akaniita nitoke jikoni.

"Ndoo utizame," akasema, yaani njoo utazame, kisha akamgeukia mwanawe. "Theluji si ndivyo hufanya?"

Shemeji alifikiri, akakubali kwamba ndivyo inavyofanya hasa. Nikafuta meza. Palipopita maji palibaki mikondo, nikaipaka buluu ikawa mito, na mavyaa akaanza kutafuta kitu cha kufanyia daraja.