Roki Ndani ya Kihenge cha Mama

Kanda ile ililetwa na dereva wa lori aliyetoka Zambia, enzi zile maduka ya Sumbawanga yalipoanza kujaa vitu ambavyo hapo kabla tulivisikia kwa watu tu. Ilikuwa bendi ya roki ya Wazungu: magitaa yamenyooka, ngoma zimetulia, na mwimbaji ana mwangwi utadhani anaimbia bondeni. Sisi vijana wa mtaa wa Kizwite tukaamua kuupata muziki huohuo na usafi wake wote. Pesa hatukuwa nazo, lakini majivuno tulikuwa nayo ya kumwaga.

Gitaa tulilichomeka kwenye redio ya mbao. Ngoma niliiwamba mwenyewe kwa ngozi niliyopewa na wafugaji, na vifuniko vya magurudumu ya gari vikawa matoazi. Kila kitu kilikubali isipokuwa mwangwi. Tulienda kuutafuta kisimani, wanawake waliokuja kuteka maji wakatutimua.

Mwimbaji wetu alikuwa kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, kutoka kijiji cha Milepa. Baba yake alikuwa ameshasema kwamba asipopata kazi mjini kabla mavuno hayajaisha, arudi akalime. Mwenye ukumbi mmoja wa dansi alitaka kwanza asikie kanda yetu ndipo atuajiri. Kanda ikiharibika, kaka anaondoka, na bila yeye sisi wengine tulikuwa wapiga kelele tu.

Yeye ndiye aliyekigundua kihenge cha mama cha kuhifadhia mahindi, kikiwa kitupu nyuma ya nyumba. Tulinyanyua paa la nyasi, akaingia, akaimba. Sauti ilitoka imeng'aa mpaka mwili ukanisisimka.

Siku ya kurekodi tuliazima redio kaseti, tukaiweka pale juu kwenye mdomo wa kihenge. Mama alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Shikamoo mama mdogo. Ni wimbo mmoja tu," kaka akambembeleza.

"Marahaba. Imba upesi, mahindi yangu hayajui roki."

Sasa, sote tumezaliwa Ufipa, na hakuna aliyekumbuka kwamba kihenge kinachosubiri mavuno hupakwa majivu ndani kuzuia wadudu. Kaka aliingia, akaimba vizuri, akavuta pumzi ndefu kwa ajili ya ile sauti ya juu. Ikatoka chafya. Ilikuwa na mwangwi mkubwa kuliko kitu chochote tulichowahi kukipiga. Niliendelea na ngoma kwa kukosa la kufanya, naye akaumalizia wimbo. Alitoka mweupe mpaka kope, na mama alicheka hadi akakaa chini. Kurudia hakukuwezekana, mahindi yalikuwa yameshafika uani.

Mwenye ukumbi alisikiliza kanda mpaka mwisho.

"Hii chafya mmeiweka makusudi?"

Mimi nilikuwa tayari kudanganya. Kaka akaniwahi.

"Hapana mzee. Ni majivu ya kihenge."

Mzee alirudisha kanda nyuma, akasikiliza tena, kidole kikigonga meza.

"Imeangukia kwenye mapigo," akasema. "Mtu anayepiga chafya asitoke kwenye mapigo, huyo namtaka. Jumamosi mje."

Tulipofika nyumbani kaka aliingia chumbani, akafungua mzigo aliokuwa ameshaufunga kwa safari ya Milepa, akatandika upya shuka lake kitandani. Nilifurahi mno, hata ugali ukanishinda.