Bi Mizani na Mameneja wa Kiwanda cha Magodoro

Jina la Bi Mizani alipewa na wakata sponji, pale alipopita kiwandani na kalamu sikioni akimuuliza kila mtu kazi yake ina uzito gani. "Ina uzito wa godoro," mmoja akamjibu, na wenzake wakacheka mpaka mashine ikabidi izimwe. Baada ya hapo hata mumewe alimwita hivyo, naye akaitika.

Alikuwa afisa utumishi wa kiwanda cha magodoro. Ofisi yake ilibanwa kati ya stoo ya vitambaa na choo cha wageni, kwa hiyo kila lalamiko la mshahara lilimfikia likisindikizwa na sauti ya maji. Na malalamiko hayakuisha, maana mishahara pale ilikuwa kama mvua ya vuli: ilimlowesha huyu, ikamruka yule. Aliyeajiriwa siku Bosi amelala vizuri alilipwa vizuri. Aliyekuja siku jino la Bosi linauma, jino lile aliliuguza yeye mpaka anastaafu.

Siku moja Bosi alirudi kutoka semina ya hotelini na mkoba mpya na maneno mapya. "Nataka muundo wa mishahara," alimwambia. "Madaraja. Ngazi. Mtu akiingia hapa aone anaanzia wapi na anaweza kufika wapi."

Bi Mizani alikuwa ameyangoja maneno hayo tangu aajiriwe. Akaipima kila kazi kwa ujuzi, nguvu, hatari na dhamana. Mkata sponji, anayeshinda na kisu kirefu kuliko mkono wake, akavuna alama za hatari. Mshonaji wa makava, mama ambaye macho yalishaanza kumgomea lakini vidole bado, akavuna za ujuzi. Mlinzi, madereva na wapakiaji, wote wakapanda mizani. Akabaki Shemeji.

Shemeji alikuwa kaka wa mke wa Bosi. Alikuwa na meza, kiti cha kuzunguka, na simu iliyokuwa kwenye chaji muda wote.

"Shemeji, kazi yako hasa ni ipi?" Bi Mizani alimuuliza.

"Nasimamia."

"Unasimamia nini?"

Shemeji akageukia dirisha, akawaona watu wanapakia lori. "Yale."

"Na wasipopakia?"

Akafikiri. "Huwa nasikitika."

Bi Mizani alijumlisha, akarudia, akajumlisha tena. Kila alivyopiga hesabu, Shemeji aliangukia chini ya paka wa stoo, ambaye walau panya walimwogopa.

Bosi alilisoma jedwali akianzia chini, penye jumla, kama wafanyavyo wenye viwanda wote. "Hii ni nini?"

"Ndiyo haki yenyewe, Bosi. Mkata sponji apande, mshonaji apande, wapakiaji wapande."

"Na Shemeji?"

"Ashuke."

"Shemeji akishuka, mimi nitalala wapi?"

"Bosi, si tunatengeneza magodoro?"

Bosi hakucheka. Alifungua mkoba, akatoa makaratasi ya semina. "Sikiliza. Mfanyakazi hataki pesa tu. Anataka heshima. Na uzuri wa heshima ni kwamba haitoki benki. Wape vyeo."

"Heshima haichemki kwenye sufuria, Bosi."

"Andika."

Bi Mizani alikuwa na watoto wanaosoma, akaandika. Mkata sponji akawa Mhandisi Mkuu wa Vipimo. Mshonaji akawa Meneja wa Ubora. Mlinzi akawa Mkurugenzi Msaidizi wa Mageti. Walipofika kwa Tingatinga, kiongozi wa wapakiaji, mtu wa kifua kipana na tabasamu pana zaidi, Bosi mwenyewe akapata msukumo. "Anapakia mauzo, sivyo? Na anapakia nje. Mwite Meneja wa Mauzo ya Nje."

Vyeo vikatolewa kwa keki na beji, kila beji ikiwa na sahihi ya Bosi. Mishahara ikabaki palepale ilipokuwa, haikuhudhuria sherehe.

Wiki ya kwanza watu walitembea wakijitazama vifuani. Wiki ya pili mshonaji alibisha hodi ofisini. "Mwanangu, naomba unishushe cheo," alisema kabla hajakaa. "Mwenye nyumba ameiona beji. Ananiambia meneja hawezi kulipa kodi ya mshonaji, kaipandisha."

"Si ungemweleza, mama?"

"Nimemweleza. Kasema mameneja wote husema hivyohivyo."

Baada yake akaja mkata sponji, ambaye baba mkwe wake alikuwa ameshawatangazia majirani kwamba mhandisi wa ukoo atawachorea ghorofa. Getini nako magari yalipanga foleni, kwa sababu mlinzi alishikilia kwamba mkurugenzi hafungui geti, anaidhinisha lifunguliwe, na hakukuwa na mtu chini yake wa kulifungua.

Jioni, mume wa Bi Mizani, kinyozi wa mtaani, alimpokea kwa kicheko. "Mke wangu, leo nimenyoa mameneja watatu wa kwenu. Sijawahi kuona uongozi mkubwa hivyo unaoomba kupunguziwa bei ya panki."

"Niache," alisema Bi Mizani. Aliona aibu, maana mwandiko wa vyeo vile ulikuwa wake.

Mambo yaliharibika alipokuja mfanyabiashara mmoja, mwanamke mwenye maduka ya samani, kutafuta magodoro ya jumla. Akapotea njia ya ofisini, akatokea uani. Akamkuta Tingatinga na godoro kichwani na beji kifuani.

"Wewe ndiye meneja wa mauzo?"

Tingatinga aliinamisha macho, akaisoma beji kuhakikisha. "Ndiye mimi, mama."

"Nikichukua malori matatu utanifanyia bei gani?"

Tingatinga hakuwa akijua bei. Alijua adabu. Mgeni ametoka mbali, jua kali, na anaomba kwa upole. "Malori matatu, mama yangu? Lipa nusu ya bei, na Mungu akubariki."

Wakaandikishana palepale juu ya godoro.

Kelele za Bosi zilisikika mpaka stoo. Yule mama hakubishana. Aliiweka karatasi mezani, akaiweka na beji aliyoiazima kwa Tingatinga. "Sahihi hii kwenye beji ni ya nani?"

Bosi akamgeukia shemeji yake. "Na wewe ulikuwa wapi?"

"Dirishani. Niliwaona wanapeana mikono, nikafurahi."

Mteja alipoondoka na malori yake, Bi Mizani alisema taratibu, "Bosi, hasara ya leo ingelipa nyongeza za watu wote mwaka mzima, na chenji ingebaki."

Bosi alilishika lile jino. Kisha akasema, "Lete lile jedwali."

Beji zilikusanywa kwenye gunia la sponji, na mishahara ikapanda kama ilivyopimwa. Wapo walionung'unika kwamba haikupanda vya kutosha, na walikuwa na haki. Mlinzi alirudi kufungua geti, ingawa alichukua muda kuzoea. Shemeji hakushuka. Jedwali liliongezewa daraja jingine pembeni, lisilopanda wala kushuka, likaitwa Daraja Maalumu, na akawekwa humo peke yake na kiti chake.

Tingatinga aliwaaga wenzake akijua amefukuzwa. Lakini yule mama wa samani alirudi, akakataa kuongea na mtu mwingine. "Wale wa ndani wananitajia bei bila kunitazama usoni," alisema. Ikabidi Tingatinga afundishwe bei halisi, apewe meza, na alipwe mshahara wa mtu wa mauzo. Bei hakuteremsha tena, ila alimwombea dua kila mteja, na wengi waliridhika.

Kazi moja tu ilikuwa haijapimwa. Mganga hajigangi, lakini Bi Mizani alijifungia ofisini, maji yakipiga kelele ukutani, akajiweka mwenyewe kwenye mizani. Kisha akajipandisha daraja moja zaidi ya alama zake. Bosi, aliyekuwa amechoka na hesabu, akatia sahihi bila kusoma.

"Umejipa ngapi za hatari?" mumewe alimuuliza alipomsimulia.

"Zote."

"Hatari gani, na unashinda kitini?"

"Mume wangu," alisema Bi Mizani akivua viatu, "wewe hujawahi kumwambia Bosi kwamba shemeji yake ashuke."