Luo Guizhen Anamwita Panda Asiyetakiwa Kuitika

Saa moja na nusu asubuhi, Luo Guizhen anaoga kwa mara ya pili. Anajisugua shingo, anajisugua makwapa, anajimwagia maji ya moto mpaka mumewe anagonga mlango kuuliza kama humo ndani kuna bibi harusi.

"Nyamaza, Shoucai," anamjibu. "Karibu miaka miwili unalalamika kwamba nanuka. Leo nanukia, bado unalalamika."

Na ni kweli alikuwa ananuka. Guizhen, mwenye umri wa miaka arobaini na tisa, ni mlezi wa panda katika kituo cha Bonde la Heiyan, huku juu kwenye milima ya Sichuan, na kazi yake kwa muda wote huo imekuwa kujifanya panda. Kila asubuhi huvaa vazi la manyoya meusi na meupe lililoshonwa na fundi wa mjini. Fundi mwenyewe ni wazi hajawahi kumwona panda, maana sikio moja limekaa kama la sungura. Akishalivaa, hujipaka mkojo wa panda. Mkojo wenyewe hasa, kutoka kwenye ndoo.

Mtoto wa panda anayefundwa kuishi msituni hatakiwi kumzoea mtu, si sura yake, si harufu yake. Ndiyo maana nyumbani kwa Guizhen nguo huvuliwa barazani, na majirani wakipita hapo huongeza mwendo.

Leo vazi limebaki msumarini. Leo Guizhen anakwenda kazini akiwa Guizhen, kumwita Yaomei, panda aliyemlea.

Ni mtihani wa mwisho. Ule wa kwanza Yaomei aliufaulu pale aliposikia mngurumo wa chui kutoka kwenye kipaza sauti akapanda mti. Wa pili aliufaulu wakati wa baridi, kijito kilipoganda naye akajitafutia maji mwenyewe. Huu wa tatu ni mfupi: mtu aliyemlea anasimama mbele yake bila vazi na kumwita kama alivyokuwa akimwita utotoni. Akija, ameanguka, atabaki kituoni maisha yake yote. Asipokuja, Oktoba lango la msitu litafunguliwa.

"Nimwite kwa moyo wangu wote, halafu niombe asiniitikie," anasema Guizhen, akivuta tambi zenye pilipili na mboga za kuchachusha. "Hebu niambie, kazi gani hiyo?"

Ni kazi inayomlipa yuani elfu nne na mia mbili kwa mwezi, na iliyomsomesha binti yake wa pekee mpaka akawa mwalimu wa hesabu. Kabla yake alikuwa akichuna majani ya chai kwenye mashamba ya watu. Majani ya chai, anasema, yalikuwa na adabu zaidi. Hayakung'ati.

Yaomei ni jina ambalo kila nyumba ya bonde hili humpa kitinda mimba wa kike. Huyu alilipata kwa kuchelewa. Mama yake, Suyun, alikuwa amerudi kutoka bustani moja ya wanyama Ulaya alikokaa miaka kumi na moja, akazaa mapacha. Alitangulia dume la gramu mia moja sitini na nane. Saa moja baadaye likafuata jike la gramu sitini na tatu, jepesi kuliko yai la bata.

Panda akizaa wawili hulea mmoja tu. Kwa hiyo walezi hufanya ujanja: mmoja kwa mama, mwingine kwenye sanduku la joto, na kila baada ya saa chache wanawabadilisha kwa siri, kila mmoja apate zamu yake ya kunyonya. Ila mama sharti aachie mkono.

"Tulimpa bakuli la maji ya asali," anakumbuka Guizhen. "Panda wa hapa ukiwaonyesha asali watakuachia mtoto, watakuachia na nyumba. Suyun akanywa kwa mkono mmoja, mtoto kamkumbatia kwa mwingine, akawa anatutazama kama wajinga. Na kweli tulikuwa wajinga."

Siku mbili zilipita hivyo. Daktari Xiang Wenli, mkuu wa kitengo cha kuwarudisha panda msituni, akaandikia ile bustani ya Ulaya. Jibu lilikuja asubuhi iliyofuata kutoka kwa mzee mmoja aliyemlisha Suyun miaka yote kumi na moja. Acheni asali, aliandika. Mmenyeeni tufaha, mpeni kwa upande wa kushoto, na mtu awe anaguna wimbo, wimbo wowote.

Guizhen alimenya tufaha, akaguna wimbo wa kuchunia chai. Suyun akaachia mkono.

"Mzee yule hanijui, simjui," anasema. "Lakini huyu mtoto tumemlea wawili."

Bustani hiyohiyo, kutokana na viingilio vya watu wanaopanga foleni kumtazama panda akila, hulipia kila mwaka askari wa msitu na upandaji wa mianzi juu ya barabara ya zamani ya magogo, ili panda wa mlima huu waweze kufika mlima wa pili wakapate wachumba. Miongoni mwa wanaopanda mianzi hiyo ni Tang Shoucai, mume wa Guizhen, ambaye ujana wake wote aliendesha lori la magogo kwenye barabara hiyohiyo.

"Nilipachana mwenyewe, napashona mwenyewe," anasema Shoucai. "Na mke wangu anasema nashona vibaya."

Pacha wa kiume naye alipelekwa kwenye bustani hiyo mwezi wa tano mwaka huu. Guizhen hakulia, au anavyodai yeye, alilia kidogo tu. "Kaka anakaa mbele ya watu, anakula, anapigwa picha. Ndiyo ajira yake. Anamlipia dada yake nauli ya msituni."

Lakini siku ya sita baada ya kuzaliwa, hakuna aliyedhani huyo dada atahitaji nauli yoyote. Yaomei aligoma kunyonya. Kwa mama hataki, kwa chupa hataki. Daktari Xiang alipima joto, akabadilisha maziwa, akapima tena.

Guizhen akafanya walichofanya mama yake na bibi yake. Huku bondeni, mtoto akishtuka akaacha kula, watu wanajua roho yake imebaki nje. Mama husimama kizingitini ameshika upawa, akaita jina la mtoto aje nyumbani, na aliyepo karibu lazima ajibu: "Amerudi!" Mwito usipojibiwa, roho haina wa kuipokea, itabaki hukohuko nje.

Upawa hakuwa nao. Alishika kijiko cha maziwa, akasimama kwenye mlango wa chumba cha joto, akaita: "Yaomei ee, rudi nyumbani!"

Ndani alikuwamo Daktari Xiang peke yake, mtoto wa mjini, anaandika namba zake. Hakujibu kitu. Ila kwa bahati Mzee Mou Dengyun, mbeba mianzi wa kituo, alikuwa anapita dirishani na kapu mgongoni. Alizaliwa kijiji kimoja na Guizhen, na sauti yake inaweza kupasua bakuli.

"Amerudi!" akajibu.

Yaomei akapiga chafya. Kabla ya jua kuzama alikuwa amenyonya. Daktari Xiang anasema ni kwa sababu aliongeza joto la maziwa. Mzee Mou anasema daktari aendelee kuamini hivyo, haimpunguzii mtu mshahara.

Kwa miezi minne, kila kabla ya chupa, Guizhen aliita hivyo. Baada ya hapo likaja vazi, na ukimya.

Ni mwito huohuo unaotumika kwenye mtihani. Na mtihani, kusema kweli, ulishafanyika siku kumi zilizopita. Uliharibika.

Guizhen alisimama kwenye tundu la ua wa Yaomei, akaita. Yaomei, ambaye sasa ana kilo sitini na mbili, aliinua kichwa. Na palepale, nyuma ya ua, sauti ikapasuka: "Amerudi!" Yaomei akaruka juu ya mti kama aliyemwagiwa maji ya moto.

"Nani kajibu?" Daktari Xiang alifoka kwa mnong'ono.

Watu wote wakatazama mawingu. Mzee Mou naye akatazama mawingu, ila masikio yake yalikuwa mekundu.

"Mimi siwezi, Daktari," akasema hatimaye. "Mtu anaita roho ya mtoto, nami niko hapa na mdomo wangu mzima. Niiache itangetange?"

"Mzee Mou, huo ulikuwa mtihani!"

"Basi mngebandika tangazo."

Matokeo yalifutwa. Haikujulikana Yaomei alimkimbia mtu anayemjua, au alikimbia koo la Mzee Mou, ambalo hata nguruwe wake hulikimbia. Urudiwe, akaamua daktari.

Jikoni mwa kituo maneno yakaanza. Wapo waliosema safari hii Guizhen ataita kwa mdomo mtupu, mtoto wake afaulu. Wapo waliosema ataita mpaka mawe yaje, kwa sababu hawezi kuachana naye. Daktari Xiang akamwita pembeni.

"Dada Luo, mwite kama siku ile ya sita. Ukimsaidia kufaulu, nitampeleka msituni panda anayefuata sauti za watu. Wa kwanza kumwita ataweza kuwa na mtego."

"Najua, Daktari."

"Najua unajua. Nasema ili nilale."

Sasa ni saa tatu. Ukungu umeanza kunyanyuka. Daktari Xiang yuko nyuma ya ua na daftari, na pembeni yake Mzee Mou, ambaye amekataa katakata kubaki nyumbani. Guizhen anafungua kitambaa, anatoa kiazi kitamu kizima kilichochemshwa.

"Asama mdomo, Mzee Mou."

"Chote?"

"Chote. Na ukikimeza kabla sijamaliza, nitamwambia mkeo nani aliyekula ile nyama ya moshi ya mwaka mpya."

Mzee Mou anaasama.

Guizhen anasimama kwenye tundu la ua. Mkononi ana kijiko kilekile cha maziwa. Hatua arobaini mbele yake Yaomei ameketi, anavunja mianzi.

"Yaomei ee, rudi nyumbani!"

Mianzi inaacha kuvunjika.

Anaita tena, na hakuna anayemsikia asiyejua kwamba anaita kwa kweli. Sauti inakatika katikati, anaiokota, anaendelea. Yaomei anasimama. Anakuja hatua moja. Anakuja ya pili. Kalamu ya Daktari Xiang imeganda juu ya karatasi.

"Yaomei, mwanangu, usiogope, rudi nyumbani!"

Yaomei ananyanyua pua. Anavuta harufu ya sabuni, ya pilipili, ya mtu. Anakaa hivyo kwa muda ambao kila aliyekuwepo atauhesabu kwa namna yake.

Halafu anageuka. Hakimbii, hapandi mti. Anapanda mteremko taratibu, makalio meupe yakiyumba, na mianzi inajifunga nyuma yake.

Hakuna anayejibu. Daktari Xiang anaandika neno moja, anafunga daftari, anampa Guizhen leso yake bila kumtazama.

Mzee Mou anatoa kiazi. Macho yake yanatiririka.

"Kilikuwa cha moto," anasema.

"Kimepikwa jana, Mzee Mou."

Wanakaa juu ya kapu lililopinduliwa, wanagawana hicho kiazi. Guizhen anafuta kijiko kwenye shati, anakirudisha mfukoni. "Nimeita mara tatu, hakuna aliyejibu," anasema. "Kwa hiyo roho imebaki nje."

"Ndiko kwake," anasema Mzee Mou.

Mipango ya Guizhen ipo. Oktoba atalivaa tena vazi lenye sikio la sungura, avute kamba ya lango. Majira ya kuchipua, Shoucai ameahidi kumpeleka kwenye ile barabara ya zamani wakatafute kinyesi kati ya mianzi aliyoipanda, wajue kama kuna aliyepita kwenda mlima wa pili. Hataki kumwona Yaomei mwenyewe. Akiona kinyesi, anasema, atashukuru kama aliyepokea barua.

"Na siku ya lango, nitafungua tu," anasema. "Sitaita."

"Nami sitajibu," anasema Mzee Mou. "Lakini nitakuja na kiazi."