Miguu Iliponigomea Gwarideni

Shida zangu zilianza mwaka 1974, nikiwa na miaka kumi na tisa. Baba alifariki, tukahamia kijiji cha ujamaa huku Handeni, nikajiunga na mgambo. Mzee Mhina, baba wa mchumba wangu, alikuwa ameapa hamwozi binti yake mtu legelege.

Mwalimu wa mgambo alituonya: "Leo mbio, kesho magogo. Mwili unataka kupumzika." Mimi niliyeishia darasa la pili nikamwona mvivu. Wiki nzima nilikimbia asubuhi, na jioni nikachuchumaa na kuinuka na gogo begani mpaka giza likaingia.

Siku ya gwaride kijiji kizima kilikuja, Mzee Mhina akiwa mbele kabisa.

"Chuchumaa!" Tukachuchumaa.

"Simama!" Wenzangu wakasimama. Mapaja yangu yakakataa. Nilisukuma ardhi kwa mikono, nikaanguka matako chini.

"Mkwe," Mzee Mhina akaita kwa sauti, "tukuletee kigoda?"

Watu walicheka mpaka wakalia. Hata hivyo alinioza. Alikuwa ameniona na gogo kila jioni, akasema mjinga anayejituma hivyo hatamlaza mtu njaa.

Leo nina nyumba ya bati Masuguru, shamba la ekari sita, ng'ombe wanne, na binti yake.