Mwendo wa Mama Akinyi

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ofisi ya filamu za afya pale Homa Bay, Mchoraji Mkuu alinikalisha mbele ya meza ya kioo yenye taa chini yake, akanipa karatasi nyembamba. "Nyar Rangwe," akasema, "mtu wa katuni hana mifupa. Uzito wake utatoka mkononi mwako." Nyar Rangwe, yaani binti aliyetoka Rangwe. Jina langu hasa hakuwahi kulitumia.

Miaka hiyo ya sitini tulichora kila kitu kwa penseli. Michoro kumi na miwili ilikuwa sekunde moja tu ya filamu. Tulianza na michoro mikuu, mguu unapogusa chini na unapoinuka, kisha tukajaza ya katikati. Mtu akitaka kuruka, sharti kwanza achutame kidogo, ili jicho lijue kinachokuja. Niliishi kama niko ndotoni. Hata mawimbi ya ziwa niliyaona yakija karatasi baada ya karatasi.

Filamu yangu ya kwanza ilihusu mwanamke asiyechemsha maji. "Wachekeshe," Mchoraji Mkuu aliagiza. Nikamkumbuka Mama Akinyi, mchuuzi wa samaki wa Sindo, mwenye mguu mmoja mfupi. Nikampa mwanamke wangu kuchechemea kule.

Tuliionyesha Sindo, mchana, katika ukumbi wa kanisa uliozibwa madirisha kwa mablanketi. Watu walicheka, wakaanza kuita, "Mama Akinyi! Mama Akinyi!" Kumbe alikuwa humo. Aliinuka, akatoka. Nikamfuata nje.

"Ni wewe umenichora?"

"Ni mimi, Mama."

"Umechora mguu. Mimi hukuniona. Haya, tazama."

Akajitwika karai la samaki, akatembea ufuoni, akarudi. Bega lilitangulia, kiuno kikafuata, mguu mfupi ukatua taratibu kama mtu anayelaza mtoto. Karai halikutikisika hata kidogo.

Mchoraji Mkuu alikataa kurudia kazi. "Watu wamecheka, binti. Unataka nini tena?" Nikamchora upya mwanamke wangu, mtungi wa maji kichwani, saa za chakula, wiki nyingi, mpaka akachoka kuniona sili, akakubali ipigwe picha tena.

Filamu hiyo mpya tuliionyesha kwanza Migori. Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja mfugaji, Mkuria, alisema kwa sauti, "Huyu mama hawezi kumwaga maji." Punde nikahamishiwa huko huko Migori, na wengine wakaipeleka Sindo. Nilimuuliza dereva wa gari la sinema kama Mama Akinyi aliiona.

"Aliiona."

"Alisema nini?"

"Alisema, rudisha nyuma. Nikarudisha mara tatu."

Nimestaafu sasa, vidole vimekakamaa. Vijana wanaochora kwa kompyuta huniuliza kanuni, nami nawapa zote. Kisha nawaambia, mtu mwombe ruhusa kabla hujachukua mwendo wake. Mimi sikumwomba, wala sikurudi Sindo kumwambia pole. Niliambiwa amefariki nikiwa bado najipangia safari. Alasiri nikisinzia humwona akija ufuoni na karai lake, nami nasimama kando nimpishe.