Madam, Catch the Baby

Sisi tuliosoma shule ya Zombe, kule Ukambani, wakati vumbi la chaki lilipotujaa mpaka kwenye nywele, Kiingereza tulikijua zaidi kwa masikio kuliko kwa maana. Ukiteleza ukaongea Kikamba uwanjani, ulifagia darasa peke yako.

Darasa la nne tulifundishwa na Mwalimu Mutheu. Alikuwa na mtoto mchanga, Mumo, na yaya alipoenda kwao, mwalimu alikuja na mtoto shuleni. Tuligombania kumshika! Zamu yangu ilipofika nilikaa naye dawati la nyuma, ananukia maziwa, huku mwalimu akiandika ubaoni. Baadaye Mumo akaanza kujinyonganyonga, na mikono yangu ikachoka. Kwa Kikamba chetu, kudaka na kushika ni neno moja tu, kukwata: unakwata kuku anayekimbia, unakwata mtoto. Basi nikaita, "Madam, catch the baby!"

Mwalimu, akidhani mtoto anaanguka, alitupa chaki, akaja mbio amenyoosha mikono kama golikipa. Alimkuta Mumo ametulia mapajani, ananyonya kola yangu. Darasa zima lilivunjika mbavu. Jioni nilimwambia mama kwamba mimi na shule basi.

Mama hakuwa amesoma. Asubuhi alibeba kiondo cha mbaazi, akanipeleka hadi kwa mwalimu. "Mwalimu, huyu amekukosea nini?"

"Hajanikosea, mama. Mimi ndiye niliyewafundisha neno moja nikaacha mengine."

Akaniwekea Mumo mikononi. "Hold," akasema. Akavizungusha vile vidole vidogo kwenye kidole changu, vikakaza. "Grip." Akamfunga mgongoni mwangu kwa leso. "Carry."

"Kali," mama akarudia polepole. Kisha akainua kiondo. "Na hiki na mbaazi zake?"

"Contain."

Mama alijaribu mara mbili, likamshinda, akacheka mpaka akajifuta machozi. Nami nikacheka. Kengele ilipolia niliingia darasani na Mumo mgongoni, na hakuna aliyenizomea.

Siku hizi wanangu wanaongea Kiingereza cha kutiririka, wananirekebisha hata nikiomba chumvi. Nashukuru. Lakini juzi jirani yetu alijifungua, nikawaambia, "Twendeni tukamwone mtoto." Hawakuinua macho kutoka kwenye simu.

"Mum, tutumie picha."

Nilienda peke yangu. Nikampakata yule malaika, nikamwimbia kwa Kikamba mpaka akalala.